Mtu Hafutwi Bila Kuulizwa

Kadi ya kamera yetu hubeba picha arobaini na moja, nayo imejaa. Kifuniko chake kilivunjika zamani, tukakifunga kwa skochi, ule utepe wa gundi, na tundu la waya wa kuhamishia picha limeliwa na kutu. Kadi yenyewe imekwama, kwa hiyo picha haziwezi kutoka humo. Ukitaka kumwingiza mtu mpya, lazima umfute mwingine.

Marehemu baba yangu, Jean-Marie, aliyeinunua sokoni Bujumbura ikiwa tayari imetumika, ndiye aliyeweka sheria: mtu hafutwi bila kuulizwa. Basi kwa miaka mingi nimezunguka mtaani, kamera mfukoni, nikibisha milango kuomba ruhusa.

"Héritier, leo nataka kukufuta."

"Unifute minye? Na ile mbuzi ya Olive unaiacha? Mbuzi iko na sura kunishinda?"

"Ile mbuzi ilikufa. Sitaweza kuiuliza."

"Basi na minye nitakufa, utaona!"

Lakini alikubali. Walio hai hukubali, hata wakinuna. Hivyo wakatoka mmoja mmoja, na wafu, wasioweza kujibu, wakabaki. Sasa wamejaa wao tu. Lenzi imeingia ukungu, kwa hiyo kila mmoja anaonekana kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, ambaye bado hajakumbuka yuko wapi. Jioni mimi huwapitisha kwenye kioo cha kamera, mmoja mmoja. Wanakuja, wananitazama, wanapita, na nyuma yao ziwa liko mbali, bado halijazijua nyumba zetu.

Bibi Louise, mama yake baba, hakuwahi kukubali kupigwa picha. Alisema uso wake si tangazo la sabuni. Lakini mwaka huu ziwa lilipanda hadi uani, na shangazi Fabiola alikuwa anakuja kumchukua akaishi kwake Kamanyola, mbali na maji. Bibi ana miaka themanini na tatu. Hakuna aliyesema kwamba atarudi.

Alasiri ya siku iliyotangulia safari, Bibi aliweka kiti cha plastiki uani, maji yakimfika kwenye vifundo, akaketi kama mtu anayengojea misa ianze.

"Déborah, piga. Nibaki humo pamoja nao."

"Bibi, nafasi hakuna. Wote ni marehemu. Nitamuuliza nani?"

"Leta hapa. Minye nawajua."

Akaishika kamera kwa mikono miwili, nami nikawa nambonyezea. Aliwasalimia wote. "Nsengiyumva, weye bado uko na kofia ile? ... Mama Inamahoro, mwaka huu mihogo yako tuliila, usikasirike." Kila baada ya maneno alinyamaza, kichwa kimeinama, mpaka nami nikaanza kusikiliza.

Akafika kwa baba. Baba ana picha mbili: moja anacheka, nyingine ametupa mgongo, anasukuma baiskeli kuelekea Makobola. Hiyo ya mgongo ndiyo yangu. Nimeitazama mara nyingi nikiamini kwamba siku moja atageuka.

Bibi akamuuliza jambo kwa sauti ya chini, akainamisha kichwa. Maji yaligonga miguu ya kiti, polepole.

"Amekubali," alisema. "Hii ya mgongo."

"Bibi, hiyo ndiyo ninayoipenda."

"Najua. Ndiyo sababu nimemuuliza yeye, sikukuuliza weye."

Nikabonyeza. Baba akaenda na baiskeli yake.

Betri ilikuwa imebaki kidogo, na umeme haukuwa umerudi tangu Alhamisi. Nikapiga upesi. Alikuwa amefumba macho.

"Huyu ni maiti. Nifute."

Nikamfuta. Ya pili: "Shingo ya kuku. Nifute." Ya tatu jua lilimmeza, ya nne akapiga chafya. Kila alipotoweka kwenye kioo nilishtuka, nikainua macho haraka kuangalia kama bado yupo kitini. Alikuwepo, anajipangusa uso, anajitayarisha upya.

Kamera yetu hukawia. Ukibonyeza, inafikiri kwanza, ndipo inapiga. Mara ya tano Bibi alichoka kungoja, akainuka. Picha ikatoka na kiti kitupu, maji, na mwanga wa jioni umelala juu ya plastiki.

Aliitazama.

"Hii uiache. Kesho ukinitafuta hapa, utaona vile vile."

Akageuka kwenda ndani, akiinua kitenge kisiloe. Taa nyekundu ya betri ilikuwa inapepesa. Nilikitazama kile kiti kwenye kioo. Tangu baba afe nilikuwa sijawahi kuivunja sheria yake, na Bibi alikuwa ameshasema.

Nikakifuta.

Kamera hutoa mlio mdogo inapofuta. Akausikia. Kabla hajageuka nilikuwa nimemwelekezea na kubonyeza tena.

"Weye mutoto! Nimesema nini? Umeniuliza?"

Kamera ikafikiri. Ikapiga. Kisha kioo kikazimika, na asubuhi Bibi akaondoka.

Umeme ulirudi Jumanne. Nilichaji betri, nikawasha. Alikuwa humo: kidole juu, kinywa wazi, maji yakiruka kwenye kitenge, hajafumba jicho hata moja. Kati ya wale watu wote waliotulia, ni yeye peke yake anayegomba.

Nikampigia simu Kamanyola.

"Niko namna gani?" aliuliza.

"Unanigombeza, Bibi."



"Basi usinifute. Sijamaliza."