Uchungu wa Bernadeta

Asubuhi ya safari Petro alikuwa Mbagala Rangi Tatu, akijaza upepo gurudumu la nyuma, wenzake wakimalizia supu na chapati. Walikuwa wanakwenda kusini kwa baiskeli, kuchangisha fedha za kusomesha wakunga wa vijijini. Petro, seremala wa Keko, hakuwa na jezi. Baiskeli yake ilikuwa ile ya chuma aliyotoka nayo kijijini, na kwenye keria alikuwa amefunga sponji iliyobaki kwenye sofa la mteja, maana mkewe alikuwa akiumia.

Mkewe, Bernadeta, alitokea upande wa sokoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Alikuwa amefariki zamani, juu ya keria hiyohiyo, wakikimbilia zahanati isiyokuwa na mkunga. Uchungu haukuwa umemwachia. Kila mwaka msafara huu ulipofanyika, alikuja apelekwe akajifungue. Safari moja Petro alimpeleka hospitali ya mjini, wakamwambia mama huyu ni wa zahanati ya kwao, rufaa ianzie huko.

"Mama, na wewe utavaa," alisema Elinaza, mratibu wa msafara, akampa helmeti.

Walipopita Kongowe, Bernadeta aliuliza habari za binti yao, "Noela hajambo?"

"Hajambo. Kakuzidi kimo."

"Anapika?"

"Anapika. Wali wake unatoka bokoboko."

"Mwambie apunguze maji."

Petro alijua akishajifungua atapumzika, hatakuja tena. Alimwombea hilo kila Jumapili kanisani Chang'ombe, na kila Jumapili alimaliza sala akitamani ichelewe kusikika. Njiani, mikono ya mkewe ikiwa imemzunguka, alikanyaga pedeli polepole kwa makusudi. Uchungu ulipomshika Bernadeta, akamsikia anauma meno, Petro aliona haya akaongeza mwendo.

Siku walipofika kijijini kwao, zahanati ilikuwa imepakwa rangi. Kitanda cha kujifungulia kilikuwepo, bado kiko ndani ya nailoni. Mkunga aliyesomeshwa kwa michango yao hakuwepo.

"Alikuja," alisema mwenyekiti wa kijiji, mzee Gervas. "Nyumba ya kukaa hakuna, mshahara haukumfuata. Wamemhamishia mjini. Wameahidi mwingine."

Waendesha baiskeli walipiga picha mbele ya mlango, maana wafadhili walikuwa wanaisubiri. Wanawake wa kijiji walimketisha Bernadeta barazani, wakamletea uji, wakamkanda mgongo kama walivyozoea.

Msafara ulipogeuza, Petro alichuchumaa mbele yake.

"Umechoka, Mama Noela."

"Nimechoka."

"Nilikuwaga nataka ukawie kidogo tu," alisema. "Sikutaka iwe hivi."

"Najua. Ulikuwa unaendesha kama unabeba mayai."

Bernadeta alimshika mkono, akauweka tumboni mwake. Mtoto akapiga teke, la nguvu. Petro hakuondoa kiganja. Kule barabarani Elinaza alipiga filimbi ya kuwakusanya, akasubiri, akapiga tena.

"Nenda, Baba Noela," alisema Bernadeta, akafumba macho, maana uchungu ulikuwa unarudi. "Mwakani mje kabla ya mvua."