Kitufe Chini ya Kiti

Mimi Pyaso ndiye niliyeifunga ile swichi, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa bonde letu. Gari letu la dizeli lilikuwa limezeeka. Kwenye baridi ya kwetu, asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, injini haiwaki ng'o mpaka plagi za moto ziipashe kwanza, na kifaa cha kuziwasha kilikuwa kimekufa. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaupitisha kwenye rilei, swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo, mpaka kwenye plagi. Waya mwembamba wa kuiamsha rilei nikauficha chini ya zulia, mwisho wake nikafunga kitufe cha honi ya lori bovu. Unabonyeza, unahesabu hadi ishirini, ndipo unapiga starta.

Kitufe nilikificha chini ya kiti cha dereva. Tulikuwa tunapigana na Wasakarai, ukoo jirani, kwa ajili ya shamba la mtoni, na sikutaka waondoke na gari letu.

Dada yangu Kipame aliolewa kwa hao hao Wasakarai. Kwetu adui na shemeji ni mtu yuleyule. Alikuja kumsalimu baba, akanikuta nimelala chali, waya mdomoni.

"Nionyeshe linavyowaka," akasema.

"Ili ukamwonyeshe mumeo?"

"Wee! Nimekubeba mgongoni, kamasi zako zimenikaukia shingoni. Leo mimi Msakarai?"

"Nguruwe wao wa mahari tumeshawala, dada. Wewe ni wao."

Baba alicheka. "Mwonyeshe, bwana. Siku hupo tutalisukuma mpaka hospitali?"

Sikumwonyesha. Nilikuwa na kiburi, na leo nakichukia.

Siku ya tatu ya Kipame kuwa kwetu, alfajiri, Wasakarai walitushambulia. Baba na Kipame tuliwaacha nyumbani, tukawakabili mlimani kwa bunduki na mashoka. Nilimpasua mmoja bega, damu yake ikanirukia machoni. Ndipo nikasikia starta kule nyumbani. Ikalia, ikanyamaza. Ikalia tena. Kipame asingeligusa gari bure; nikajua baba amepigwa na anataka kumkimbiza hospitali.

"Chini ya kiti!" nikapiga kelele. "Bonyeza chini ya kiti!" Nani angenisikia, na risasi zote zile? Nikatimua mbio kuteremka. Starta ililia mara ya nne, halafu nikasikia vioo vikivunjwa.

Wasakarai watatu walikuwa wamelivamia gari. Mmoja alikuwa amemburuta Kipame nje kwa nywele, naye Kipame amemng'ata mkono mpaka mfupa.

"Kaa kando, mke wetu," alikuwa akimwambia. "Hatuna ugomvi na wewe."

Wenzake walikuwa wanammaliza baba kwa mashoka palepale kwenye kiti. Waliponiona wakakimbia. Aliyeng'atwa nilimkamata kwenye uzio, nikampiga mpaka mpini wa shoka ukavunjika, na haikunipunguzia kitu.

Niliporudi nilitegemea Kipame anipige. Ningefurahi. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimeng'olewa, damu inamshuka shingoni. Alifuta vioo kwenye kiti cha dereva, akakaa kando ya baba.

"Haya, Pyaso," akasema. "Sasa nionyeshe."

Nikaushika mkono wake, nikaupeleka chini ya kiti. Akabonyeza. Tukahesabu pamoja hadi ishirini, kisha akazungusha ufunguo.

Liliwaka mara moja.