Kamera Isiyomshtua Mtu

Kwa miaka ishirini na mitatu mpiga picha yule alijulikana kwa jina la Mzinga, na jina hilo lilikuwa la lenzi yake kabla halijawa lake. Lenzi yenyewe ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi kiganja, na ikishafungwa kwenye kamera yake nyeusi, flashi ikawekwa juu, mzigo wote ulikaribia kilo nne. Akiingia ukumbini watu walimwona yeye kabla hawajamwona bwana harusi. Vitambi vilivutwa ndani, nguo zikawekwa sawa, waliokuwa wamenuniana wakaegemeana mabega. Mzinga alipenda hivyo. “Tabasamu jamani, kwani tuko msibani?” angesema, nao wangecheka.

Shingo ndiyo iliyogoma. Ilianza kwa ganzi kwenye kidole gumba, akaipuuza. Ganzi ikapanda hadi kwenye kiwiko, akanunua dawa ya kuchua. Mkewe alimkanda kila jioni mpaka akachoka.

“Baba watoto, mimi niliolewa na mume, sikuolewa na unga wa kukanda,” alimwambia. “Nenda hospitali.”

Hakwenda mpaka siku ya mahafali, kamera ilipomponyoka mkononi mbele ya wahitimu wote, akaidaka kwa goti. Daktari alimwonyesha picha ya eksirei. Pingili mbili za shingo zilikuwa zimekaribiana na kubana mshipa wa fahamu. “Chagua,” daktari alisema, “uendelee kubeba huo mzigo, au uendelee kuwa na mkono.”

Basi akauza kamera, lenzi na begi lake, akanunua kamera ndogo inayoingia mfukoni mwa koti. Ilikuwa na kioo nyuma kinachoinuka, kwa hiyo aliweza kuishika usawa wa tumbo na kupiga huku akitazama chini, kama mtu anayesoma ujumbe kwenye simu. Na ikipiga haikulia hata kidogo. Wiki ya kwanza aliona aibu kutoka nayo. Vidole vyake vinene vilibonyeza vitufe viwili kwa mpigo mmoja, na mara tatu alijikuta amepiga picha ya viatu vyake.

Kazi yake ya kwanza nayo ilikuwa ya nyumbani. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa mwalimu mkuu anayestaafu, na shule ilimwandalia chakula cha mchana cha kumuaga. Dada ndiye aliyemlea Mzinga baada ya mama yao kufariki, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye cherehani moja. Sasa alikuwa na kibanda chake cha ushonaji karibu na soko, na ilikuwa hivi karibuni tu Mzinga alipogundua kuwa ana miezi hajafika pale.

Shemeji alikitazama kile kidude akacheka kwa pua. “Siku yangu kubwa ndiyo umeniletea mdoli? Wageni wataniuliza mpiga picha yuko wapi.”

“Picha zitakuwa zilezile, shemeji.”

“Tutaona.”

Kweli wageni waliuliza. Mzee mmoja wa kamati ya shule alimwomba Mzinga amsogezee kiti, akidhani ni mhudumu. Hakuna aliyevuta kitambi ndani. Watu walikula, walipiga miayo, walisengenyana, naye akazunguka akipiga, jasho likimtoka, akihangaika na vitufe kiasi kwamba hakujua hasa anapiga nini. Aliona Dada amemwaga glasi ya juisi kwenye kitambaa cha meza kuu, na mtu akaja kupangusa. Basi.

Kesho yake alasiri aliketi mbele ya kompyuta kuchambua picha. Mkewe alikuwa dirishani akikunja nguo. Mzinga alifika kwenye ile glasi ya juisi. Picha zilikuwa nne, zimefuatana. Katika ya kwanza glasi ilikuwa imelala. Katika ya pili Shemeji alikuwa akimtabasamia mgeni wa heshima, huku chini kidogo ya ukingo wa meza mkono wake umeshika kifundo cha mkono wa Dada. Mzinga akaikuza. Vidole vilikuwa vimezama, ngozi imejikunja kati yake. Katika ya tatu Dada alikuwa amefumba macho. Katika ya nne mkono wa gauni lake ulikuwa umepanda, na juu ya kifundo palikuwa na alama nyingine, ya zamani, rangi ya kijani inayoelekea unjano.

Mkewe akaja kusimama nyuma yake. Naye akatazama.

“Nilikwambia mwaka jana,” mkewe alisema taratibu. “Nilikwambia dada yako siku hizi hacheki. Ukasema ni umri.”

Mzinga akafungua picha za miaka iliyopita, zote alizopiga kwa ile kamera kubwa: harusi ya mpwa wake, sikukuu, kipaimara, siku za kuzaliwa. Katika kila moja Shemeji alikuwa wima na Dada akitabasamu. Mikono mirefu ya gauni, hata siku za joto.

Asubuhi alikwenda kibandani. Dada alikuwa akitia uzi kwenye sindano ya cherehani.

“Shikamoo, Dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Leo jua limechomoza wapi?”

Hakujua aanzie wapi, akawasha kamera, akamwonyesha kwenye kile kioo kidogo. Dada alitazama. Uso wake haukubadilika, ila mguu uliokuwa juu ya kanyagio ulitulia.

“Nani mwingine ameona?”

“Mke wangu.”

“Kwa hiyo umenivua nguo mbele ya wifi yangu.” Alirudisha kamera kwa ncha za vidole. “Futa.”

“Dada, imeanza lini?”

“Futa, nimesema.”

“Mbona hukuniambia? Mimi si ndugu yako?”

Hapo Dada akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. “Sikukwambia? Unakumbuka nilipokuja studio kwako kupiga picha ndogo za kitambulisho? Mdomo umevimba hivi.”

Mzinga alikumbuka. Miaka sita nyuma. Dada alisema amejigonga mlangoni.

“Nilisema mlango kwa sababu kulikuwa na wateja. Nilitaka ipigwe, iwepo mahali, siku nikipata ujasiri niwe na kitu cha kuonyesha. Nawe ukaniambia, inua kidevu Dada, tabasamu kidogo. Halafu ukaingia kwenye kompyuta ukanisafisha. Ukanipa picha nne, mdomo mzima, huku unafurahi. ‘Angalia, Dada, umekuwa kigoli.’” Aliinamia kitambaa. “Nikajua hata wewe hutaki kuona.”

Mteja aliingia kuulizia sketi yake, na Dada akamhudumia kwa sauti ya kawaida kabisa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mzinga alitaka kwenda kumkunja shati Shemeji, mkewe akamzuia: “Ukishamkunja utarudi kulala kwako. Dada atalala wapi?” Shemeji akapiga simu akitaka albamu yake, Mzinga akampelekea mwenyewe, bila zile nne. Alipokea chai sebuleni kwa Shemeji. Alimsikia akisifu picha, akasema asante, akajichukia njia nzima ya kurudi.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa sita mchana, Dada alibisha hodi mlangoni kwa Mzinga. Alikuwa amebeba mfuko mmoja na kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa shuka.

“Hukufuta, eti?”

“Sikufuta.”

“Vizuri. Na leo kuna alama mpya. Zipige.”

Mkewe alimsaidia kufungua gauni mgongoni. Mzinga alipiga picha kumi na moja, karibu na mbali, na kando ya kila jeraha mkewe alishika tepu ya kupimia ya Dada. Kisha wakaenda kituoni wote watatu, na askari wa kike akaandika maelezo kwa muda wa saa mbili.

Shemeji alikana kila kitu. Shangazi wawili walipiga simu kumsihi Dada arudi, mmoja akamwita Mzinga mvunja nyumba za watu. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Dada alilala kwenye chumba cha watoto kwa miezi miwili, akishona mchana kutwa, akishtuka kila mlango ulipofungwa kwa nguvu. Alizungumza sana na wifi yake. Na Mzinga, alizungumza naye kwa adabu tu, kama mpangaji na mwenye nyumba.

Siku Dada alipopata chumba chake mwenyewe, Mzinga alitaka kuita gari la kubebea vitu. Dada alikataa, akasema atakuja kijana wa mkokoteni.

“Utanisamehe lini, Dada?” alimuuliza mlangoni.

Dada alifikiri kweli kabla ya kujibu. “Sijui,” alisema. “Njoo Jumapili. Lete na wifi yangu.”

Alikwenda Jumapili pamoja na mkewe. Chumba kilikuwa na kitanda, cherehani na viti viwili, na yeye akakaa sakafuni.