Majina Mawili, Wengine Koridoni

Mpangaji kurasa alimaliza chai, akapangusa makombo kwenye kibodi, akabadili mstari mmoja kwenye programu. Marejeo ya kitabu cha Profesa, yaliyokuwa namba tupu, sasa yangetoka kwa jina la mwandishi na mwaka. Akabonyeza kitufe. Programu ikalalamikia koma moja iliyosahaulika. Akaiweka, akabonyeza tena, na waliotajwa kitabuni wakaanza kuingia ofisini.

Waliingia kwa mpangilio wa alfabeti. Waliokufa walikung'uta miguu mlangoni. Walio hai waliuliza choo kiko wapi. Mabwana wawili wenye jina moja na mwaka mmoja waligombania nani awe 2004a na nani awe 2004b, hadi mmoja akamwita mwenzake mshamba. Profesa, ambaye hajawahi kuona haya kujinukuu, alijaza sofa zima peke yake: wa 1991 mwenye nywele, wa 2002 mwenye kitambi, na wengine wa katikati, wote wakiongea kwa pamoja.

"Kuna watu wamesimama koridoni," alisema Mhariri Mkuu, akitafuta pa kupita.

"Hao ni 'na wenzao'," alijibu mpangaji. Programu ilionyesha majina mawili ya kwanza tu ya kila andiko. Waliobaki hawakupita mlangoni.

Mpangaji alichungulia, akamwona mama yake, marehemu, amevaa viatu vyake vilivyolika visigino. Ni yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwahoji wajane, utafiti ukapatikana. Ulipochapishwa, jina la kwanza likawa la Profesa. La pili likawa la shemeji yake Profesa, aliyetoa gari siku moja, nalo likaharibika njiani. Mama akawa wa tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Mpangaji alirudi kwenye mashine, akaandika tatu badala ya mbili. Mama akaingia. Shemeji akasogea kwa shingo upande. Mama alikaa, akavua viatu, akasugua nyayo, na mpangaji akafurahi hadi machozi yakamtoka.

Kitabu kikaongezeka ukurasa. Mhariri akaja mbio.

"Utaratibu wetu ni majina mawili."

"Huyu ni mama yangu."

"Pole sana. Lakini leo mama yako, kesho shangazi wa nani?"

Maprofesa wote sofani waliafiki. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

"Alikuwa mchapakazi kwelikweli," alisema yule wa 2002. "Hivi aliitwa nani vile?"

Mpangaji alikunja ngumi. Alikuwa kazini kwa mkataba, na mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mhariri alilijua hilo, na mama pia.

"Rudisha tu, mwanangu," mama alisema, akivaa viatu. "Usije ukakosa kazi kwa ajili yangu. Mimi kusimama nimeshazoea." Akatoka mwenyewe, kabla kitufe hakijabonyezwa.

Mpangaji alikibonyeza. Kisha akabeba kiti chake hadi koridoni, akamkalisha mama. Siku hizi anapanga kurasa akiwa wima, na mfagiaji hupiga deki kuzunguka miguu ya mama.

Kitabu kilitoka, kikasifiwa. Profesa alipokuja kuchukua nakala zake alimkuta mama pale kitini, akasimama kwa adabu.

"Umehudumiwa, mama?"

"Bado," alisema mama.

Profesa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaingia ndani.