Asilimia Hamsini ya Ng'ombe Gani

Nyumbani kwa Kipkemoi, nje kidogo ya Sotik, ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Inaaminika kwamba ukitaja idadi yao unawaitia kifo. Ushahidi haujawahi kutolewa. Daktari wa mifugo huwahesabu kwa sauti kila anapochanja, na wanaokufa hufa kwa ndigana, sawa na ng'ombe wa watu wasioamini lolote.

Kwa hiyo mahari ya Chelangat ilijadiliwa kwa vijiti vya mchai. Katika kikao cha kwanza Kipkemoi, baba yake, aliweka mezani vijiti kumi na viwili. Wageni, Wakisii kutoka ng'ambo ya mpaka wa kaunti, waliweka sita. Wakanywa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, wakaomba, wakaachana. Kikao cha pili kilikuwa cha mwisho, kwa maana Kipkemoi alikuwa ameapa kanisani kwamba cha tatu hakitakuwepo na wasipoafikiana binti atabaki nyumbani.

Chelangat alimtaka Duke, kijana wa hao wageni, na alimtaka mwaka huo. Alifundisha hisabati katika shule ya sekondari, lakini siku hiyo alikaa jikoni, kwa kuwa anayeolewa haketi na wanaomjadili. Mlango wa jikoni hakuufunga.

Msemaji wa nyumba alikuwa Weldon, mdogo wake Kipkemoi. Weldon alisema vijiti ni mambo ya kizamani. Kiwanda cha chai kikitangaza bonasi hutaja asilimia, na hakuna mchai uliowahi kukauka kwa sababu hiyo. Asilimia haihesabu ng'ombe, basi haiwezi kuwaua. Mosoti, mjomba wa Duke na muuza mabati, aliona hoja hiyo ni ya kisasa, akakubali.

"Basi sisi tunapanda asilimia hamsini," Mosoti alisema.

Weldon hakutaka mgeni amzidi ukarimu. "Na sisi tunashuka hamsini, mkwe. Ninyi hamsini, sisi hamsini, tunakutana katikati."

Watu walipiga makofi. Kipkemoi akaongoza maombi, akamwambia Mungu kwamba yote yaliyotamkwa yamefungwa mbinguni. Kisha vikaletwa vijiti ili kila mtu aone walichokubaliana.

Weldon akaweka tisa. Mosoti akaondoa vitatu.

Mosoti alieleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kukata mabati, kwamba nusu ya walichodai wenyeji ni vijiti hivyo vilivyobaki, na hakuna aliyewasukuma washuke. Weldon alisema hamsini ni hamsini, kwa Mkisii na kwa Mkipsigis kama yeye. Mgeni mmoja alinong'ona kwamba wenyeji hawa hawajazoea asilimia kwa sababu babu zao walikuwa wakichukua ng'ombe wote. Akajibiwa kwamba babu zake ndio waliokuwa wakisahau kufunga zizi. Kipkemoi akachukua kofia yake, akasimama.

Hapo Chelangat akaingia na birika la chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Baba mdogo, ulishuka asilimia hamsini ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Wao walianza na sita, nusu yao ni watatu. Sisi tulianza na kumi na wawili, nusu yao ni sita. Ulitaka kushuka watatu, ukaporomoka sita. Ungesema ishirini na tano."

Idadi ya ng'ombe ilikuwa imetajwa kwa sauti, tena na msichana. Wazee wawili walichungulia zizini kupitia dirisha. Ng'ombe walikuwa wanacheua.

Mosoti akatabasamu, akamwambia Kipkemoi kwamba amezaa mwalimu wa kweli, na kwamba sasa ni wazi mahari ni sita.

"Bado, mzee," Chelangat alisema. "Wewe ulisema mnapanda hamsini. Sita wakipanda hamsini ni tisa, na hiyo pia imeombewa. Kwenu wanatoka tisa. Kwetu wanapokelewa sita."

"Na wale watatu?" Kipkemoi aliuliza, kofia ikiwa mkononi.

"Hawana mwenyewe. Kwenu wameshatoka, kwetu hawajaingia. Tutawachukua mimi na Duke."

Mosoti alitafuta kasoro, akaikosa. Kukataa watatu kulimaanisha kwamba alimdanganya Mungu mbele ya wakwe, na Weldon akidai tisa angekuwa katika shimo hilohilo. Mosoti akasema sawa. Weldon naye akasema sawa, kwa sauti ndogo zaidi. Kipkemoi akaketi. Mtu akatumwa nje kumwambia Duke kwamba amepata mke na ng'ombe.

Weldon, akitaka japo kidogo cha kujivunia, alimwuliza Chelangat mali yake na Duke imepanda kwa asilimia ngapi kutokana na kazi yake ya leo.

"Tulikuwa na sifuri, baba mdogo. Kutoka sifuri hakuna asilimia."

Weldon alisema hayo hayakufundishwa wakati wao, akasogeza kikombe chake karibu na birika.