Foleni Nyuma ya Ukuta wa Mama Micheline

Asiyeamini aende Majengo, hapa Goma, akauulize ukuta wenyewe, bado umesimama. Ni ukuta wa mawe meusi ya volkano, na ulivyopanda juu, kunguru aliyetaka kuuvuka alipumzika kwanza katikati. Kwa nje Papa Kasereka aliandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Kwa ndani alimweka mke wake, Mama Micheline, ili maandishi yaaminike.

Msimcheke haraka. Goma ukiacha nyumba tupu, kuna watu wataiuza huku sufuria lako bado lina moto. Binamu yake Kasereka alienda matanga Butembo. Aliporudi alikuta familia asiyoijua inasonga bugali jikoni kwake. Walimkaribisha kwa heshima, wakamwuliza anamtafuta nani. Tangu siku ile Kasereka, dereva wa lori la kuleta maharage kutoka mji wa Kiwanja, aliapa kwamba parsele yake, nyumba na ardhi yake, haitakosa mutu. Mutu huyo, bila shaka, hakuwa yeye.

"Mimi niko na barabara," alisema. "Weye uko na nyumba."

Basi kila alipotoka alipiga kadena, kufuli la chuma, kwa nje ya lango, na ufunguo ukasafiri naye ndani ya lori. Micheline, aliyekuwa muuza maharage wa kusifiwa katika soko la Murara, akawa anayapitisha bakuli kwa bakuli kwenye tundu la lango, jirani yake Saumu akaenda kumwuzia. Maharage yake yaliijua Goma kuliko yeye.

Sasa, bamama wauza maharage walikuwa na chama chao, na prezida wa chama cha bamama alikuwa Papa Adalbert. Hakuwahi kuuza hata punje moja. Walimweka zamani kwa sababu, walisema, anayeongea na wakubwa lazima avae suruali. Suruali ilikaa pale mpaka ikaota mizizi, na meza za kivulini zikawa za wanaompikia vizuri. Mwaka huu walichoka, wakamtaka Micheline. Uchaguzi ukapangwa siku ya wanawake, nane Marsi. Chama kile hakikujua karatasi za kura: mgombea husimama, na wanaomtaka wanapanga foleni nyuma ya mgongo wake. Asiye na mgongo pale hana kura.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Micheline alimsogezea mumewe chakula na kusema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "Papa Charline, kesho utaniachia ufunguo."

"Kesho kuna nini?"

"Nane Marsi. Na uchaguzi."

"Nane Marsi naijua. Kitenge yake si nilikununulia?"

"Nitaitembeza wapi, toka jikoni mpaka choo?"

Kasereka alicheka, maana hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mume mbaya ungemkimbia. "Ukitoka, Kakule atauza nyumba."

"Kakule ni ndugu yako."

"Ndiyo sababu namujua."

Asubuhi kadena ililia nje, lori likaondoka. Micheline alivaa kitenge chake kipya na kuwasha redio. Redio ilisema dunia imesonga. Kuna nchi wanawake wanatawala, kuna nyingine wanarusha ndege, na hapa Kongo sheria mpya imesema mke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye kazi. Ilisema pia safari bado ndefu. Haikusema ufunguo uko wapi. Micheline akapanga meza, juu yake pipa, juu yake kinu kilichopinduliwa, akapanda, akanyoosha mkono juu ya ukuta, akashuka na kidole kinachotoka damu. Kasereka alikuwa amepanda vipande vya chupa kule juu kama mtu anavyopanda vitunguu.

Sauti ya Saumu ikaingia kwenye tundu la lango. "Mama Charline, umekufa?"

"Nimevaa."

"Adalbert amesimama sokoni. Anasema umemuogopa. Anasema mugombea bila mugongo ni kama sufuria bila kitako."

Micheline alisogea langoni akifuta damu ya kidole. "Mugongo iko," akasema. "Ni miguu ndiyo imefungwa." Akageuka, akaubana mgongo wake kwenye bati la lango mpaka bati likabonyea kuelekea nje. "Uwaambie ni huu hapa. Wapange."

Wakaja. Hakuwaona. Alisikia kandambili, vikohozi, mtu akimwambia mwenzake asimkanyage. Foleni ilianzia kwenye lango, ikafuata ukuta, ikapinda kona, ikashuka kuelekea Murara. Ilikuwa ndefu, jamani. Mwanamke wa mwisho alijikuta amesimama palepale sokoni mbele ya Papa Adalbert, na kwa kuwa Adalbert alikuwa nyuma yake, yeye pia akahesabiwa kwenye foleni ya Micheline.

Vigelegele vilipigwa. Kisha wakaondoka kwa ngoma kwenda kwenye matembezi ya siku ya wanawake, na Micheline akausikia ushindi wake ukipinda kona bila yeye. Prezidante alibaki na alama za bati mgongoni.

Jua lilikuwa bado kali Kasereka aliporudi. Habari aliipata njiani, na furaha yake ilikuwa ya kweli: aliingia amebeba kichwani kiti cha mbao chenye mikono, amekishika kwa mikono miwili, kadena ameiacha inaning'inia langoni na ufunguo wake.

"Kiti ya mukubwa," akasema. "Umeona? Ofisi imekufuata nyumbani. Bamama wanakuja wenyewe mpaka hapa. Sasa utatoka kutafuta nini?"

Micheline alikitazama kile kiti. Kilikuwa kizuri. Kilimtisha kuliko chupa za ukutani.

"Ukae kwanza, papa, tuone kama iko na nguvu."

Kasereka akakaa, akajitikisa. "Iko nguvu sana."

Alipoinua macho, mkewe alikuwa nje na lango limefungwa. Kadena ikalia.

"Micheline. Unaenda wapi?"

"Sokoni. Bamama wananingoja."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko na mutu."

"Mutu gani?"

Swali hilo alimwachia aliyekalia kiti.

Sokoni walimpokea kwa nyimbo, wakampa meza ya kivulini, na Saumu akaanza kueleza mambo ya chama. Hata hayajafika mbali, Micheline akasimama. "Ngoja nirudi, nyumba haina..."

Akakoma.

"Haina nini, mama prezidante?" Saumu aliuliza.

Micheline akakaa tena. Mkutano ukaendelea, akajibu vizuri kila alipoulizwa. Lakini waliokaa karibu naye wanasema mkono wake haukutoka kwenye pindo la kitenge alimofunga ufunguo, na macho yake, wakati wote, yalikuwa yanapima jua.