Maneno Matatu kati ya Hamsini

Msusi hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Masikio yake yalipoanza kumtupa mkono, miaka tisa nyuma, aliyafanyia ujanja. Mteja wa kusukwa humpa mgongo msusi wake, lakini mbele yake kuna kioo, na ndani ya kioo kuna midomo. Basi akajifunza kuisoma huku vidole vikisuka. Umbea wote wa mtaa aliupata hivyo hivyo, na kuuchangia juu. Kifaa cha sikioni alichopewa hospitali alikificha chini ya kilemba, maana kilikuwa kimebaki kumletea kelele tupu.

Kilichomshtua ni mteja wake mmoja, mwalimu, aliyeinamisha kichwa apakwe kisogoni dawa ya kulainisha nywele. Mwalimu alipiga kelele kwamba inamuunguza. Uso wake ulikuwa umetazama magoti, na msusi akaendelea kupaka, tena huku anaimba! Mdogo wake, anayefanya naye kazi saluni, ndiye aliyeruka na jagi la maji. Mwalimu aliondoka na kidonda. Msusi hakula siku nzima, na kesho yake akajiwekea sharti: asikie, au afunge saluni. Na kazi ile ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Akaenda hospitali na mdogo wake. Daktari wa masikio aliwaeleza habari za kipandikizi: uzi mwembamba wa umeme unaopenyezwa ndani kabisa ya sikio, ukaamsha mshipa wa kusikia wenyewe, na mashine ndogo inayovaliwa nje, nyuma ya sikio.

"Lakini hapewi kila mtu," alisema. "Kama kifaa cha kawaida bado kinakusaidia kuelewa maneno, sikupasui. Upasuaji unaweza kuondoa hata kidogo ulichobakiwa nacho. Nenda ukapimwe kwanza."

Mpimaji, mama mpole mwenye miwani, alikaa mbele yake, akaziba mdomo kwa jalada na kumsomea maneno hamsini ayarudie. Ubavuni mwake palikuwa na kabati la vioo. Msusi hata hakupanga. Macho yalijiendea yenyewe kwenye kioo, yakaukuta mdomo nyuma ya jalada. Alipata arobaini na moja.

"Hongera!" mpimaji akamwambia. "Kifaa chako kinakutosha. Kipandikizi hakikufai."

Msusi akavimba kichwa kwa sifa. Walikuwa wamefika getini akili ilipomrudia, akasimama kama aliyepigwa shoti. Mjinga mkubwa! Amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe!

"Turudi."

"Dada, si wameshasema?"

"Turudi, bwana. Nimewaibia."

Akaingia bila hodi. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakusoma mdomo, kwenye kioo kile pale."

Mpimaji aligeuka kulitazama kabati, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha kicheko kikamkauka. "Sijui ni wangapi wamenipita hivi," alisema.

Msusi akageuza kiti mwenyewe, akautazama ukuta, akafumba na macho, maana hakuyaamini tena. Walikubaliana kila neno litanguliwe na kugusa bega. Hakuja kujifanya haelewi. Alitega sikio kwa nguvu zake zote hadi jasho likamtoka. Nyuma yake mtu alinguruma, akanyamaza, akanguruma tena. Aliogopa sana. Hakuwahi kukaa hivyo, yeye na masikio yake tu.

Alipata matatu.

Daktari alipoitwa hakumpamba kwa maneno matamu. Kwa matatu hayo kipandikizi sasa kinamfaa, ila bado apigwe picha, waone kama mshipa ni mzima. Akishapasuliwa, sauti za mwanzo zitakuwa kama redio mbovu, na mazoezi ni ya miezi mingi. Wengine huelewa vizuri sana, wengine kidogo, na masikio ya kuzaliwa hayarudi. "Ila wewe ulisikia na kusema tangu utoto," alimalizia. "Hilo linanipa matumaini."

"Nimejifunza kusoma midomo huku nasuka," msusi akajibu. "Mazoezi hayanitishi. Nipangie hiyo picha, hata kesho."

Mdogo wake alikuwa bado ameshika karatasi ya majibu.

"Matatu, Dada? Mimi nilidhani unapitwa na moja moja tu." Akasogea mbele yake aonekane. "Siku ile umeme umekatika, nikakueleza yote ya ndoa yangu. Ulinikumbatia tu, hukusema neno. Nikajua umenielewa kuliko wote."

"Kulikuwa giza," msusi alisema. "Nilihisi tu unatetemeka. Mpaka leo sijui ulikuwa unalilia nini."

Mdogo mtu akaangua kilio palepale, mbele ya daktari. Msusi alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama.

"Nikishapona, utaniambia tena," alisema. "Yote, toka mwanzo. Na mimi nitafumba macho."